Kondo Mlangoni na Shangazi Watatu

Uiha, Haapai
16 Aprili 1996

Shangazi Atelaite,

Barua hii ikukute na afya yako na ulimi wako, ingawa huo ulimi najua baridi ya Auckland haiuwezi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Viazi vikuu vimetoka vizuri. Nguruwe wa Feleti amezaa, kisha akawalalia watoto wake wawili, na Feleti akamsamehe kama anavyowasamehe wote. Mchungaji mpya ana sauti ya mbuzi.

Mimba niliyokwambia ina miezi mitano. Nilikwenda hospitali kisiwa kikuu, Tongatapu, nikapakwa mafuta ya baridi tumboni, wakanipitishia mashine ya picha. Daktari, mwanamke wa kwetu, kijana, akaniambia hivi: "Mtoto mzima. Ila kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wote wa kizazi. Huenda likapanda lenyewe tumbo likikua. Likipanda, heri. Lisipopanda, nitakupasua kwa siku tuliyopanga, kabla uchungu haujaanza." Tena akaninyooshea kidole: "Usibebe mizigo. Usiguswe tumbo. Damu ikitoka, hata kidogo, hata kama huumwi popote, panda boti uje."

Feleti nilipomweleza alijikuna shingo. Nimeolewa na shingo, Shangazi. Kisha akaja dada yake, Lavinia, maana habari haipiti hapa bila kumwamkia yeye kwanza. Akasema, "Ukoo wetu hauzaliwi kwa kisu. Mtoto wa kaka yangu atazaliwa kwenye mkeka wa baba yangu, na jina nitampa mimi palepale." Unajua ndiye mkubwa wao, na mtoto wa kaka ni wake kabla sijamshika mimi. Feleti akimsikia dada yake anakohoa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Eti heshima.

Kuna kitu daktari aliniuliza nikabaki nimeduwaa kama mtoto wa kuokota. Aliuliza mama yangu alikufa kwa nini. Wewe ndiye uliyenilea. Alikufa kwa nini?

Wako,
Toakase


Auckland
9 Mei 1996

Kase,

Barua yako imechukua karibu mwezi mzima kufika, sijui mliipa nguruwe ailete. Mimi mzima. Magoti yanauma lakini kazini nasimama. Kwaya ya kanisa letu imepata mwimbishaji mpya, bonge la mtu asiyejua sauti ya pili wala ya tatu, na kila mtu anamwogopa kwa sababu ana gari.

Sasa nisikilize. Daktari amesema kondo likibaki chini, unapasuliwa. Kuna nini hapo cha kujadili na Lavinia? Lavinia amesomea wapi? Namjua tangu akiwa na kamasi. Darasani alikuwa anahesabu kwa vidole na bado anakosa, leo anapanga mtoto atokee mlango gani! Na mumeo naye, ebo! Mwanaume mzima anatoroka nyumba yake kwa kikohozi. Heshima ya kaka na dada naijua kuliko wao, nimezaliwa nayo. Kaka hakai chumba kimoja na dada yake, sawa. Hamjibu, sawa. Lakini wapi imeandikwa kwamba asipomjibu dada basi na mke amwache afe?

Fanya hivi. Mimba ikifika miezi saba na nusu, ondoka Uiha. Nenda kwa baba yako Tongatapu, nyumba yake iko karibu na hospitali. Kaka yangu atakupa chumba hata kama hatakupa mazungumzo, tangu zamani kinywaji chake, kava, ndicho kinachomjua. Ukae hapo mpaka siku ya kupasuliwa.

Usinipigie simu. Simu yenu ya dukani ni redio ya kijiji, ukisema "haloo" wanajua na rangi ya chupi yako.

Mama yako alikufa. Watu wanakufa. Mwambie daktari ashughulike na aliye hai.

Shangazi yako,
Atelaite


Uiha
5 Juni 1996

Shangazi,

Tumeipokea barua yako, na nguo za mtoto, na ile sabuni. Baba mkwe anakohoa ila anakula. Mvua imekuwa nyingi, mikeka haikauki.

Umeandika mengi na umeyaandika vizuri. Ni rahisi kufoka ukiwa na bahari katikati. Ungekuwa hapa ungeona. Mimi humu ni mke wa mtu tu, kwenye misiba yao nakaa jikoni na moshi, neno langu halina hata pa kukaa. Wewe ni shangazi mkubwa kwetu, kwa hawa huna kitu. Nikikunukuu, Lavinia anauliza, "Atelaite? Yule aliyekimbilia ng'ambo?" Basi wanacheka wote, na mimi nashindwa nicheke au nilie.

Sasa Lavinia ana hoja mpya. Amesikia kwamba daktari alisema kondo huenda likapanda lenyewe. Basi anasema, "Kama linaweza kupanda lenyewe, likisaidiwa litapanda upesi." Amemleta Seluvaia, mkandaji wa upande wa pili wa kisiwa, yule anayetengeneza migongo ya wavuvi. Nilisema daktari amekataza tumbo kuguswa. Lavinia akanikata: "Daktari ana miaka mingapi? Seluvaia ameshika matumbo tangu mama yake daktari hajaota meno." Seluvaia amekuja mara mbili. Ananipaka mafuta ya nazi, ananisukuma kutoka chini kwenda juu kama anakanda unga, huku Lavinia amekaa pembeni anamhimiza: "Panda! Panda!" Anaongea na kondo langu kana kwamba ni punda.

Feleti alikuwa shambani. Bila shaka.

Mimi sijambo kabisa. Jumatano iliyopita niliosha mkeka wangu wa kulalia baharini, ndiyo sababu nimechelewa kuandika. Usiwe na wasiwasi.

Bado hujanijibu kuhusu mama.

Toakase


Auckland
20 Juni 1996

Toakase,

Leo sina salamu. Salamu atazipata mtu mwenye akili.

Uliosha mkeka baharini siku ya Jumatano. Katika mvua uliyosema mwenyewe mikeka haikauki. Mimi ni mwanamke, na mikeka yako ya utotoni niliiosha mimi, najua mkeka unaoshwa lini na kwa nini. Ulitoka damu. Ulitoka damu baada ya yule mpumbavu kukukanda, ukaificha, ukaniandikia "sijambo kabisa" kama karani wa posta. Ulimficha nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe una maradhi ya kuona haya mbele ya watu wasio na haya!

Nimesoma barua yako nikakaa. Halafu nikaona hivi: kwa hawa watu mimi si kitu, umesema kweli, na ukweli wako umeniuma. Basi dawa ya moto ni moto. Nani anayeweza kumfunga Lavinia mdomo? Si mume wako, si baba mkwe, si mchungaji mwenye sauti ya mbuzi. Ni shangazi yake Lavinia mwenyewe. Dada mkubwa wa baba mkwe wako yuko hapa hapa Auckland, mtaa wa Mangere, Bibi Ilaisaane, anapita miaka themanini na ana masikio ya popo. Nikavaa mkeka wangu wa heshima kiunoni, nikabeba mbavu za kondoo na viazi vikuu, nikaenda. Mimi, Atelaite, nikakaa sakafuni kwa watu ambao babu yangu asingewauzia hata kuku mgonjwa.

Alikuwa anatazama raga kwenye televisheni. Hakugeuka.

"Nani huyo?"

"Atelaite, wa Uiha."

"Atelaite yupi? Yule mwenye maneno?"

"Ndiye."

"Kaa. Si hapo. Hapo anakaa mchungaji."

Nikamweleza yote, kondo, kisu, mkandaji, damu. Macho hayakutoka kwenye mpira.

"Lavinia," akasema. "Yule aliyekuwa anakula udongo?"

"Huyo huyo."

"Na sasa ni daktari." Akavunja mfupa kwa meno yake mwenyewe. "Feleti anasemaje?"

"Feleti anatoka nje, Bibi."

"Kama baba yake. Kaka yangu akisikia nakohoa alikuwa anaruka uzio. Mara moja aliangukia chooni." Akacheka mpaka nikamshikia sahani. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sikiliza, wewe mwenye maneno. Huyo msichana wako simjui na sina haja naye. Wake huja na huenda. Ila mtoto ni wetu, na hakuna mpumbavu atakayemzamisha mtoto wetu kwenye damu kwa sababu ya mkeka wa kaka yangu."

Kase, nilitaka kumpasua na ile sahani. Wake huja na huenda! Lakini nikameza, nikasema, "Asante, Bibi. Utamwandikia Lavinia?"

"Barua? Barua ataifutia miwani. Nitapiga simu dukani, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wamejaa kununua nyama ya kopo ya Jumapili."

Mwanamke mbaya sana yule. Laiti ningekuwa na akili kama yake.

Barua hii najua itachelewa. Simu itafika kabla yake. Ikifika usiulize, panda boti.

Atelaite


Tongatapu
11 Julai 1996

Shangazi,

Niko kwa baba. Barua yako Feleti ameniletea jana kutoka Uiha, nimeisoma huku kila kitu kimeshatokea, nimecheka mpaka nikaliogopea tumbo langu.

Ile Jumamosi nilikuwa dukani. Nusu ya kijiji ilikuwa humo. Simu ikalia, mwenye duka akashika, akasimama wima kama askari. "Ndiyo, Bibi. Yupo, Bibi." Akaita, "Lavinia! Shangazi yako, kutoka New Zealand!" Lavinia akaja anajinyoosha gauni, anatutazama sisi tusiopigiwa simu na watu wa ng'ambo. Akaweka simu sikioni, akaiondoa mara moja, maana Bibi Ilaisaane haongei, anapiga kelele. Tulisikia sote mpaka waliokuwa nje wakipanga mstari.

"Lavinia! Unakanda nini wewe?"

"Bibi, ni kondo tu, lilikuwa limeshuka..."

"Nani amekuuliza lilipo? Umelifunga kamba? Msichana apande boti leo!"

"Bibi, ukoo wetu hauzaliwi kwa..."

"Ukoo wetu nani? Mimi ndiye ukoo! Wewe ni kikohozi chake! Boti, leo, na wewe umsindikize, umbebee mzigo! Akidondosha tone moja njiani nitakufufulia mambo ya kaptula ya mwalimu wa shule!"

Mambo ya kaptula siyajui na hakuna anayetaka kuniambia. Lavinia aliweka simu chini uso umemkauka. Akanigeukia: "Unangoja nini? Hujasikia boti?" Kana kwamba ni mimi niliyekuwa nachelewesha.

Akanibebea mzigo kweli. Njiani alinikazia mto mgongoni boti ilipokuwa inaruka, kwa nguvu, kama ananipiga.

Sasa ukweli, maana umeshaujua. Ile Jumatano ilitoka nyingi. Sikuumwa chochote, ndiyo maana nilijidanganya. Niliamka nimelowa. Nilifika hapa ikatoka tena, nikalazwa, ikakoma, wameniruhusu nikae kwa baba kwa sababu ni hatua chache. Kondo halijapanda. Limelala mlangoni na halina habari. Kupasuliwa ni Jumanne, tarehe 30 Julai. Hospitali inataka ndugu watoe damu kwanza, iwekwe akiba yangu. Daktari hakutaka kunificha: kondo la namna hii likitoka, damu hufuata, na wakishindwa kuizuia watatoa kizazi chote, na hata hapo hawezi kuniapia.

Nimemuuliza baba juu ya mama. Akamimina kava nyingine.

Shangazi, nakuuliza mara ya tatu. Nakwenda kulala kwenye meza yao sijui nafuata njia ya nani. Naogopa.

Kase


Auckland
19 Julai 1996

Mwanangu Kase,

Salamu za hapa ni nzuri. Bibi Ilaisaane anakusalimu, yaani aliuliza, "Yule msichana bado yupo?" Kwake hiyo ni salamu.

Kuogopa si kosa. Kuficha ndiko kulikokuwa kosa, na nimeshakutukana kwa hilo, limekwisha. Jumatatu usiku usile kitu. Watakuchoma sindano ya mgongo, utakufa ganzi kuanzia kiunoni, utasikia wanakuvutavuta kama wanatafuta kitu kwenye mfuko, hutasikia maumivu. Usijaribu kutazama. Mtu akianza kukuombea kwa sauti ya msiba, mfukuze, hata kama ni mchungaji.

Damu watoe wote. Kaka yangu atoe, mwambie nimesema, kama itatoka damu badala ya kava. Feleti atoe. Lavinia naye, ana mwili wa kutosha, akachujwe kidogo.

Uliloniuliza nitakujibu ukishatoka. Hakuna anayeenda kwenye kisu na maiti kichwani. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hai.

Shangazi yako


Tongatapu
14 Agosti 1996

Shangazi,

Nipo. Nimeandika neno hilo kwanza ili usitafute.

Baba mzima, amejifunza kuchemsha chai. Wauguzi wa hapa wana roho nzuri na mikono migumu. Mshono unavuta nikicheka, kwa hiyo usiniandikie.

Ya damu uisikie kwanza. Feleti na Lavinia waliambiwa waingie chumba kimoja, vitanda viwili. Feleti alipomwona dada yake amelala pale, akarudi nyuma kama ameona jini. Lavinia naye akafunika uso: "Mtoeni! Mtoeni kaka yangu!" Daktari akasimama katikati na mirija mkononi. "Nyie watu," akasema, "kuna mwanamke hapo ana kondo mlangoni, na nyie mna heshima mlangoni!" Mwisho Lavinia akatolewa damu kwanza, akaondoka, ndipo Feleti akaingia, akazimia kabla ya sindano. Akatolewa damu akiwa amezimia. Alichangia, basi.

Jumanne walinipasua. Nilisikia kulia, nikaonyeshwa uso, mwekundu, umekasirika. Msichana. Kisha nikasikia sauti zao zinabadilika. Damu haikukata. Mmoja akasema, "Leteni zote," nikalazwa usingizi. Kizazi wamekitoa, Shangazi. Sitazaa tena. Nalisema hivi mara moja, sitalirudia kwenye barua nyingine.

Damu ya akiba iliisha. Damu ya baba haikulingana na yangu. Wa kulingana alikuwa Lavinia, akatoa tena, kinyume cha maneno ya daktari, anawagombeza wauguzi wanavyochelewa. Nilipozinduka alikuwa amekaa pale, midomo myeupe. Nikamwambia asante. Akasema, "Usinishukuru. Ungekufa, nani angelea huyu? Mimi nina kazi zangu."

Kisha akampa mtoto jina, ni haki yake, mimi bado nina mpira wa mkojo. Unajua amemwita nani? Lavinia! Amejipa zawadi mwenyewe! Mtoto wangu wa pekee, nitakayempata maisha yangu yote, anaitwa jina la mwanamke aliyenikandisha mpaka nikalowa mkeka. Feleti anasema ni jina zuri. Nimemrushia kikombe. Siwezi kulitamka. Namwita "wewe".

Toakase


Auckland
2 Septemba 1996

Mwanangu,

Barua yako niliifungua nimesimama, nikasoma neno la kwanza, nikakaa. Baridi imelegea hapa. Bibi Ilaisaane nilimpelekea habari na mbavu nyingine. Kusikia jina akatema mfupa, akasema, "Jinga lile. Lakini ana haki." Nami nasema ana haki. Haki haimzuii mtu kuwa mshamba. Kutoa damu ametoa, nimemtumia barua ya shukrani, fupi, na sikuipamba.

La kizazi nimelisoma. Nililia jikoni, kwa sauti, mwenye nyumba akagonga. Nikamwambia akagonge kwao.

Sasa la mama yako. Nilikuwa Tongatapu wakati ule, nimekwenda kuuza mikeka. Mama yako, huko Uiha, akaanza kuvuja damu alfajiri, bila kuumwa, kama wewe. Nadhani lilikuwa hilihili, kondo mlangoni, ila siku zile nani alikuwa na mashine ya kuona? Boti ilikuwepo. Bahari ilikuwa shwari. Watu wazima walikaa kwenye mikeka kuzunguka nyumba, wanaume na wanawake, baba yako pia, na hakuna aliyethubutu kumpandisha kwenye boti, kwa sababu mtoto alikuwa wa kaka yangu, na mwenye neno nilikuwa mimi, na mimi sikuwepo. Walinisubiri. Walinisubiri kwa heshima zote! Seluvaia akakutoa wewe hai, sijui vipi, sijawahi kumuuliza na sijawahi kumwamkia. Mama yako aliendelea kuvuja mpaka jioni. Nikafika kesho yake. Nikakuta wameshamvisha nguo za kuzikwa.

Basi wakanikalisha mahali pa heshima, wakakuleta umefungwa kwenye kitambaa, wakasema, "Shangazi, mpe jina." Nikakupa. Toakase. Kanisa zima likasifu, jina zuri, jina la watu wakubwa. Na katika dunia hii nzima, Kase, mtu mmoja hakuwahi kulitamka hata mara moja, ni mama yako.

Kwa hiyo usiniambie huwezi. Lavinia ni jina bovu, la mwanamke mla udongo. Litamke. Mwite asubuhi. Mwite akichelewa kula. Mfokee akikojolea mkeka, umwite mpaka Uiha nzima izibe masikio, mpaka wewe mwenyewe sauti ikauke. Nataka achoke kuitwa na mama yake.

Atelaite